Nyaya za Baba

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu? ... Ah, shikamoo mzee, nangoja simu yako tangu asubuhi, zile karatasi ziko—

MWALIMU: Mzee gani? Ni mimi, mdogo wako.

KAKA: Mwalimu! Mbona namba ngeni?

MWALIMU: Simu ya fundi wa intaneti. Yangu hupokei, leo siku ya tatu.

KAKA: Nimebanwa, mdogo wangu, hata chakula nakula nimesimama. Mama hajambo?

MWALIMU: Hajambo. Intaneti ndiyo mgonjwa.

KAKA: Bado inasuasua?

MWALIMU: Inatambaa. Leo nafundisha darasa la viziwi, mikono yangu imeganda kwenye skrini. Mtoto mmoja akaniuliza kwa ishara, mwalimu, umekufa? Na mkuu wa shule anatazama.

KAKA: (anacheka) Watoto bwana—

MWALIMU: Mimi sicheki.

KAKA: Pole. Lakini si nilikwambia? Vile vidude vya kuchomeka ukutani vinapitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Na nyaya za nyumba hiyo alizilaza marehemu baba kwa mkono wake. Zimechoka, basi.

MWALIMU: Fundi amezikagua. Anasema za baba ni nzima kabisa.

KAKA: Mafundi wa siku hizi nao—

MWALIMU: Ngoja nimalize. Kidude kimoja kiko chini kwenye ruta, kingine juu chumbani kwangu. Zamani vilikuwa kwenye umeme mmoja. Sasa juu kuna mita yake peke yake, ndiyo maana intaneti inafika imechoka hoi.

KAKA: Haloo? Unakatika... mtandao huku—

MWALIMU: Unanisikia vizuri sana. Siku ile nimempeleka mama kliniki ya macho, ukasema umeleta mtu wa kurekebisha nyaya. Mama akakuombea dua.

KAKA: Ilikuwa kwa usalama wenu.

MWALIMU: Mita iko nyuma ya tangi la maji. Imeandikwa jina. Si la mama wala lako. Ndiye huyo mzee uliyemwamkia?

KAKA: Haya si mambo ya kwenye simu.

MWALIMU: Umeuza ghorofa ya juu.

KAKA: Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kuwaambia. Anahamia mwisho wa mwezi.

MWALIMU: Na mama alale wapi?

KAKA: Chini, sebuleni. Panatosha.

MWALIMU: Nyumba ni ya mama. Huwezi kuuza bila sahihi yake.

KAKA: Alitia.

MWALIMU: Lini? Mama haoni maandishi, mpaka asomewe.

KAKA: Ulimsomea wewe.

MWALIMU: Mimi?

KAKA: Ile fomu ya intaneti niliyowaletea. Ulikuwa katikati ya darasa. Ukamsomea ukurasa wa juu, kurasa zingine ukamshika mkono tu, mama tia hapa, tia na hapa. Ukatia na yako, ya shahidi.

(mikwaruzo ya karatasi)

KAKA: Haloo? Upo?

MWALIMU: Angeleta mtu baki, ningesoma zote. Sikusoma kwa sababu ni wewe.

KAKA: Mdogo wangu—

MWALIMU: Umeniumiza, kaka. Na baba umemsingizia kaburini. Mwezi mzima mama ananiomba radhi kwa ajili ya nyaya za mumewe.

KAKA: Nitamwambia mwenyewe. Nipe wiki moja.

MWALIMU: Anashuka ngazi sasa hivi. Mwambie.

KAKA: Hapana, niko na watu, msalimie, baadaye—

MWALIMU: Mama, shika. Ni kaka.

MAMA: Haloo? Mwanangu? ... Mbona hasemi?

MWALIMU: Yupo, anasikia, nimeweka spika. Keti hapa, mama. Ile fomu tuliyosaini, nakala yetu hii. Nataka nikusomee yote.

KAKA: Mwalimu, tafadhali. Salio la fundi wa watu litaisha—

MWALIMU: Fundi amesema tutumie tu mpaka liishe. Ukurasa wa pili, mama.