Mguu wa Koplo na Benchi Letu

Sogeeni, sogeeni hapa karibu na jiko. Na wewe unayetafuna huko nyuma, meza kwanza, nataka kimya. Leo nawapa habari ya mguu. Zamani nilikuwa nauza kahawa kwenye kona, ubavuni mwa kibanda cha Kinyozi, na wateja wangu walikuwa na benchi lao. Benchi lile lilikuwa na miguu mitatu ya kwake na wa nne wa jeshi. Msicheke. Koplo, mzee aliyestaafu jeshi, alikuwa na miguu yake yote miwili, ile ile aliyozaliwa nayo. Lakini faili lake lilisema wa kushoto ulikatwa vitani. Basi alipostaafu wakamletea mguu wa bandia, wa mbao safi, umevikwa soksi na buti. Akakosa pa kuuweka. Mguu mmoja wa benchi ulipooza, akauchomeka ule, ukakaa kama umepimwa. Tukaukalia miaka.

Uzee ukaja, goti la kushoto likaanza kumtesa. Hospitali ya jeshi ikafungua faili, ikamwambia goti hilo halipo, haliwezi kuuma. Na mkewe alikuwa haoni. Kila jioni alimshika Koplo bega wakazunguka mitaa, mzee akimsimulia nani kapaka nyumba rangi gani. Goti likisimama, wote wawili wanabaki ndani. Ndiyo sababu Koplo akaenda kuomba faili lisahihishwe.

Siku hiyo akarudi anaburuta fimbo. Kinyozi akamwacha mteja na povu shavuni, akatoka. Redio, tuliyemwita hivyo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, akampisha nafasi.

Redio: Haya mzee, wamekurudishia mguu?

Koplo: Wamekataa. Nimeupandisha juu ya meza ya karani, nimevua na soksi. Ameuangalia, ameugonga kwa rula, nimepiga ukelele. Unajua kaniambia nini? “Mzee, nauona. Lakini mimi sikuajiriwa kuona, nimeajiriwa kusoma.”

Kinyozi: Sasa anataka nini?

Koplo: Daktari aliyenikata aandike kwamba hakunikata.

Kinyozi: Si alishafariki yule?

Koplo: Nimemwambia hivyo. Akasema basi aje mwenyewe na cheti chake cha kifo.

Nikammiminia kahawa.

Redio: Ngoja kwanza. Hapo kuna faida hujaiona. Mguu huo kwa serikali haupo, sivyo? Mpige mtu teke! Atakushtaki vipi? Hakimu ataulizia mguu, utamwambia soma faili.

Kinyozi: Tuujaribie kwa Redio.

Koplo: Hata mimi naona hivyo.

Akauinua kweli, mzee wa watu. Goti likalia ko! Akashika ukuta, macho yakajaa maji. Redio ambaye hakuguswa ndiye aliyepiga kelele.

Kinyozi: Mimi nasema hivi. Faili lina mihuri, huo mguu una muhuri gani? Hauna. Kwa hiyo wa kubadilika ni mguu. Ukatwe, Koplo. Ukishakatwa, faili linakuwa kweli na hospitali inakupokea kwa mikono miwili.

Mimi: Halafu watamtibu nini, mwanangu?

Kinyozi: Hawatatibu kitu, Mama Kahawa. Goti si litakuwa limeondoka? Ndiyo dawa yenyewe hiyo.

Mteja, kutoka ndani: Bwana wee, na shavu langu?

Kinyozi: Wewe nusu yako ipo, tulia!

Redio: Hamjui jeshi nyie. Mguu huo uliandikwa umeanguka vitani, maana yake ni shujaa. Shujaa anapandishwa cheo. Miaka yote hii, sasa hivi si chini ya kanali. Na wewe koplo unauvika suruali kila asubuhi bila hata saluti!

Koplo: Kwa hiyo nasumbuliwa na kanali?

Redio: Kanali kamili. Ndiyo maana madaktari hawataki kumgusa. Nani anataka kesi na wakubwa?

Kinyozi: Na usiku mkewe akiusukuma kitandani?

Redio: Uasi huo!

Tulicheka mpaka Koplo naye akacheka, huku anajisugua goti. Hapo ndipo akapita mama mmoja na beseni la nyanya kichwani, mgeni kabisa. Akaomba apumzike. Akainama kutua beseni, akaona buti chini ya benchi, akaruka.

Mama wa nyanya: Mmemkalia mtu!

Redio: Usiogope dada, ni mguu wa jeshi tu. Aliletewa mtu asiyeuhitaji.

Tukamsimulia habari yote, kila mtu kwa mdomo wake. Akasikiliza, akaligusa lile buti kwa kidole.

Mama wa nyanya: Sasa yule aliyekatwa kweli, yeye anatembelea nini?

Redio akajiinua kidogo, akachungulia chini ya benchi. Kinyozi akatazama wembe wake. Tulikuwa tumeukalia mguu ule miaka yote, na swali hilo halikuwahi kutupitia akilini.

Koplo: Kitanda cha pili... Mimi nililazwa na homa, hospitali ya vitani. Alikuwepo kijana kitanda cha pili, amekatwa mguu, analia huku ameuma shuka. Sikumuuliza hata jina.

Akapiga magoti, lile bovu likalia, akauchomoa mguu. Benchi likalala, Redio akaenda nalo na kahawa yangu yote. Koplo akautia kwapani, akarudi ofisini. Karani akamwambia, “Mzee, wako bado haujarudi.” Koplo akajibu, “Uache wangu. Nitafutie mwenye huu.” Karani akasoma, akasoma. Hakupata.

Goti halikutibiwa. Jioni walizunguka polepole zaidi, siku nyingine mke ndiye akimshika yeye. Wiki tuliyomzika Koplo, na miguu yake miwili, ikaja barua: ombi litasikilizwa, afike yeye na mguu.

Fimbo ilibaki kwa mkewe. Kinyozi alipewa kiti cha uvivu cha marehemu, wateja wake wanalala humo. Redio alirithi benchi, nalo mpaka leo linamwangusha. Mguu nikaachiwa mimi. Upo nyuma ya mlango wangu, buti nalipaka rangi mwenyewe. Kwa hiyo mkisikia mtu anabisha hodi kwa gongo la kutembelea, msimuulize shida yake. Mfungulieni.