Risala ya Darasa la Historia ya Sanaa Lenye Paswedi Moja

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, mkutubi wetu na wageni wote,

KARIBU
Sisi wanafunzi wa historia ya sanaa tunakupokea kwa mikono miwili uje utufungulie maktaba hii iliyopakwa rangi upya. Tuseme ukweli mapema: tuliyemtuma kusoma risala hii amechanganyikiwa, na sisi tuliomtuma tumemzidi.

TULIKOTOKA
Zamani mwalimu akitaka makala tulimfuata mkutubi, naye akachomoa jarida rafuni. Kisha majarida yakahamia kwenye kompyuta, ndani ya kitu kinachoitwa hifadhidata, nasi tukahamia nayo bila kujua mlango uko wapi. Mwanzoni tulikiandikia kisanduku cha kutafutia kama watu waliolelewa vizuri: "Shikamoo, tunaomba makala kuhusu picha za ukutani." Kikajibu hakuna kitu. Tukaongeza "tafadhali." Hakuna! Mkutubi alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, mashine hii si babu yenu! Iandikieni maneno mawili matatu yenye uzito, basi."

MAFANIKIO
Yapo, ingawa hatuna hakika ni yapi. Tumejua kufunga maneno ndani ya alama za nukuu ili yasitawanyike. Tumejua kutia tiki penye makala zilizokaguliwa na wataalamu. Ila tukitafuta "sanaa" zinamwagika makala laki nne. Tukiongeza neno moja, sifuri. Zile za katikati zinakwenda wapi? Mpaka leo hatujui.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, tuna mwenzetu tunayemwita Mama Pacha. Mume wake ni kinyozi, na mwenyewe Mama Pacha anaandika tasnifu kuhusu vichwa vinavyochorwa kwenye kuta za vinyozi. Imerudishwa mara mbili kwa kukosa marejeo ya kitaaluma. Asipoiwasilisha leo kabla ya saa kumi, chuo kwake ndiyo basi tena. Alitafuta "vinyozi," akaletewa magonjwa ya ngozi ya kichwa. Akayasoma, maskini, akidhani huenda sanaa yenyewe imeanzia huko.

Jana akaipata. Makala nzima, iliyokaguliwa, na picha za kuta kama za kwa mumewe. Alilia kwa furaha mbele yetu. Lakini darasa zima tuna paswedi moja ya kuingilia hifadhidata, na akiingia mwingine, aliyemo anatupwa nje. Ndiyo maana tuna desturi: kabla ya kuingia unapaza sauti, "Nani yumo?" na aliyemo anajibu, "Nimo!" Jana mmoja wetu alikuwa na mafua, sauti imemkauka. Aliuliza, hakuna aliyemsikia, akaingia. Mama Pacha akabaki anatazama ukurasa mweupe. Hakuwa ameandika hata jina la mwandishi.

"Nilitumia maneno gani, jamani?" alituuliza. "Kuta? Nyuso? Nywele?"

Tulimwonea huruma, na aibu tuliiona sote.

MAOMBI
Tulikusudia kuomba kila mtu apewe paswedi yake, pamoja na mafunzo ya polepole. Ukurasa huu tumeuandika upya asubuhi hii, kwa sababu Mama Pacha ameyakumbuka maneno aliyotafutia. Alikuja mbio, akakuta maktaba imefungwa ili isichafuke kabla hujafika. Na hifadhidata hazifunguki nje ya kompyuta za humo ndani.

Ndiye yule mwenye begi la kijani, karibu na utepe, midomo inamcheza. Hasali. Anayarudia maneno yasije yakamtoka. Saa tisa imeshapita. Ratiba inasema nasaha za mkuu, kisha hotuba yako, kisha utepe. Kwa heshima na taadhima, tunaomba utepe utangulie. Hotuba tutaisikiliza yote, hata ikifika magharibi, na hakuna kati yetu atakayegusa ile paswedi.

Waswahili wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkasi uko kwenye sinia, mkono wako wa kulia.

Mungu akupe afya, akuzidishie baraka.

Ni sisi,
Darasa la Historia ya Sanaa