Pedi Zisizopata Moto

Benchi lenyewe lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kukatwakatwa. Lilikaa kati ya gereji na kibanda cha kinyozi, likitazamana na duka la vipuri, na kila aliyelizoea alijua springi ipi inachoma. Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, walikuwa wamelikalia watu watatu. Mmoja aliitwa Tani Kumi, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye hadithi zake zote huanza na tani kumi mgongoni. Wa pili ni Orijino, mwenye duka la vipuri. Dukani kwake hakuna kisicho orijino, hata ufagio. Wa tatu ni Kinyozi, asiye na jina lingine hapo, na ambaye husikiliza mbio za magari redioni huku akimnyoa mtu. Shangazi alikuwa na birika lake la kahawa miguuni pao. Nafasi ya nne ilikuwa wazi, ya Fundi Simama. Jina hilo alipewa na breki: miaka ishirini na sita hajashika kazi nyingine ndani ya gari.

Fundi Simama alitoka gereji na furushi la gazeti. Aliliweka katikati ya benchi, akalifungua, akaketi pembeni yake.

Zilikuwa pedi nne za breki za magurudumu ya mbele. Amezifungua asubuhi hiyo kutoka gari namba kumi na saba, ambalo lilikuwa limelala chini ya turubai kwa miezi saba, tangu mpwa wake alipoligongesha ukutani kwenye kona ya kwanza ya mzunguko wa kwanza wa mbio. Mpwa alitoka hai. Mguu wa kulia una vyuma, na asubuhi ile yote imefutika kichwani mwake. Bodi lilikwisha kunyooshwa, injini ilikwisha kuwaka. Kesho kutwa, Jumamosi, dada yake ndiye angeliendesha. Kilichobaki ni pedi, na wa kuzichagua ni Fundi.

— Hebu tazameni mzigo huu, alisema Orijino, akichukua moja na kuipima kwa kidole gumba. Imekula ukuta, imelala miezi saba, na bado nene vilevile. Nilisemaje siku ile? Nilisema hizi ni za kudumu.

— Ulisema pia ule mkanda wa injini ni wa kudumu, alisema Kinyozi. Ulidumu mpaka pale kwa Shangazi.

— Mkanda ule uliufunga wewe na mkono wako wa kunyolea.

— Nikiwa na tani kumi mgongoni, alianza Tani Kumi.

— Tayari kaanza, alisema Shangazi.

— Nikiwa na tani kumi mgongoni, nateremka mlima wenye kona arobaini, breki zangu zilikaa miaka mitatu. Mitatu, bwana! Unajua kwa nini?

— Kwa sababu ulikuwa unasimama kwa kuomba, alisema Kinyozi.

— Kwa sababu kabla sijazifunga nazizika kwenye jivu. Siku tatu mchana na usiku. Jivu linaingia ndani linakaza. Hawa vijana wa mbio hawana subira ya jivu.

Fundi alikuwa ameigeuza pedi moja uso juu na kuishikilia hivyo. Pedi iliyofanya kazi ya mbio hubadilika rangi. Uso wake huwa mweusi, wenye mng'ao, na ukiigusa unasikia ulaini. Hii ilikuwa ya kijivu. Mistari ya kiwandani, ile midogo inayoachwa na jiwe la kusagia, ilikuwa bado inaonekana. Alikuwa ameiona tangu saa mbili asubuhi, peke yake, akiwa amepiga magoti kando ya gurudumu, na hajamwambia mtu.

— Fundi, umeshachagua? aliuliza Orijino. Maana nimekuletea.

Alivuta mfuko kutoka chini ya benchi, akatoa maboksi matatu na kuyapanga kwenye goti.

— Hizi laini, za gari la kwenda sokoni. Sitaki hata tuziongelee. Hizi za kati. Na hizi hapa, chuma kitupu, ndugu mmoja na hizo ulizofungua. Hizi anafunga leo, anazirithisha mjukuu.

— Mbio ni mizunguko kumi na miwili, alisema Fundi. Mjukuu wa nini?

— Kudumu ni kudumu.

— Mnakosea wote, alisema Kinyozi. Ule uwanja kona zake karibu zote ni za kulia, si kweli? Basi uzito wote unalala kushoto. Funga ngumu kushoto, laini kulia. Zinaisha pamoja. Hesabu ndogo tu.

— Akikanyaga breki gari litavuta upande mmoja, alisema Fundi.

— Litavuta kwenda wapi?

— Ukutani.

Kinyozi alichukua kikombe chake. Gari lililopita barabarani lilisikika lote, kuanzia honi hadi mlango uliolegea.

Tani Kumi ndiye aliyerudi wa kwanza kwenye mada.

— Za ndege je? Ndege inatua na tani mia. Nani aliwahi kusikia ndege imeishiwa pedi?

— Naweza kuagiza, alisema Orijino papo hapo.

— Za ndege? aliuliza Shangazi.

— Orijino.

— Na utazifunga wapi, mwanangu? Kwenye bawa la gari?

— Shangazi, wewe mimina kahawa.

— Namimina. Birika linaelekea kwisha, mjue.

Tani Kumi alikuwa ameshanogewa. Alisimama ili aeleze vizuri.

— Sikilizeni. Taabu ya chuma ni nini? Ni baridi. Chuma cha baridi hakishiki. Sasa, pale kona kuna tanuri la mikate. Jumamosi alfajiri tunapeleka pedi, zinaokwa pamoja na mikate, tunazitoa zikiwa nyekundu, tunazifunga na blanketi, mbio mpaka uwanjani. Fundi anazifunga na koleo. Bendera ikishuka, zina moto wake tayari!

— Na mkate unaokwa bure, alisema Kinyozi.

— Mzee, hakuna haja ya tanuri, alisema Orijino, akicheka. Dereva mwenyewe ndiye tanuri. Pedi mpya ya chuma unaipeleka barabara tupu, unakanyaga kwa nguvu mara saba, nane, bila kusimama kabisa, halafu unaiacha ipoe. Na siku ya mbio, mzunguko ule wa kujipanga kabla ya bendera, unakanyaga tena mpaka isikie moto. Ukienda nayo baridi kwenye kona ya kwanza, ni kama umefunga mbao. Nani hajui hilo?

— Hata mimi wa mikasi najua, alisema Kinyozi.

— Kila mtu anajua, alisema Tani Kumi.

— Kaka yangu alijua?

Hawakuwa wamemwona yule binti atakayeendesha Jumamosi. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi, upande wa kibanda, bado na sare ya kazi. Anaendesha gari la wagonjwa na zamu yake ilikwisha saa tatu. Kijiweni hapo hupita, hakai.

— Karibu, dada, alisema Orijino, akiyakusanya maboksi.

— Ahsante. Shikamoo, mjomba. Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama, alisema Fundi.

— Nilikuja kuuliza kama pedi zimepatikana. Nimewasikia mnaongea. Kwa hiyo hizo zilizokuwa kwenye gari zinataka moto kwanza?

— Zinataka, alisema Fundi.

— Na kaka aliambiwa?

— Lazima aliambiwa, alisema Tani Kumi.

— Na nani?

Swali lilikuwa dogo. Hata sauti yake haikupanda. Aliliuliza kama anavyouliza namba ya nyumba kabla ya kuwasha gari.

Fundi aliikumbuka Ijumaa ile ya kabla ya ajali, saa kwa saa. Mpwa alikuwa amechoka kubadilisha pedi kila baada ya mbio mbili. Mjomba, alisema, nitafutie za kudumu. Fundi akamfungia zile za chuma jioni, taa ya gereji ikiwa mkononi, na akapanga kwenda naye barabarani asubuhi kuzizoesha. Usiku ikaja simu ya msiba wa upande wa mkewe, na basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Alipita hapa. Shangazi alikuwa anawasha jiko, Kinyozi anafagia, Orijino anafungua kufuli, Tani Kumi ameshakaa. Ufunguo wa gari alimpa Shangazi. Ujumbe aliuacha kwa wote: akija kuchukua gari mwambieni hizi hazishiki baridi, azipashe kwanza. Wakamjibu kwa pamoja, nenda salama, tutamwambia. Simu ilikuwa mfukoni mwake njia nzima.

— Mimi nilimpa ufunguo, alisema Shangazi taratibu. Nikamwambia kahawa ipo. Akasema atakunywa akirudi. Maneno ya pedi nikajua ni ya wanaume wenye magari.

— Mimi nilikuwa na kichwa cha mtu mkononi, alisema Kinyozi. Nilimpungia. Nilidhani Orijino...

— Mimi nilimwona anaongea na Mzee, alisema Orijino.

Wakamtazama Tani Kumi. Mzee alikuwa bado amesimama pale alipokuwa akieleza habari ya tanuri, na mikono hakujua aiweke wapi.

— Tuliongea, alisema. Nilimsimulia ule mlima. Wenye kona arobaini.

Akaketi.

Miezi saba walikuwa wamekaa juu ya kiti kimoja. Walikwisha kulaumu lami ya uwanja, tairi, mvua ambayo haikunyesha, dereva wa gari namba tisa, na jicho baya la mtu fulani. Fundi alikuwa akiwasikiliza na kunywa. Hakuwahi kuwauliza. Kila asubuhi alipokaribia kuuliza aliagiza kikombe kingine, kwa sababu aliona kwamba wakisema hawakumwambia, swali litakalofuata ni lake.

— Basi huenda alijua mwenyewe, alisema Orijino kwa sauti ndogo. Yule kijana alikuwa anajua magari.

Fundi aliinua pedi aliyokuwa ameishikilia na kumpa binti.

— Pitisha kidole hapo usoni.

Alipitisha.

— Unasikia mistari?

— Nasikia.

— Ya kiwandani hiyo. Ingekuwa imepata moto hata mara moja, isingekuwepo. Alienda na pedi baridi. Hakuambiwa, mama.

Binti alibaki na pedi mkononi. Orijino, aliyekuwa ameisifu nusu saa iliyopita, alikuwa akiangalia viatu vyake.

— Hawa waliachiwa maneno yasiyo yao, alisema Fundi. Ya kumwambia nilikuwa mimi. Nilikuwa na simu, na njia ya mwendo wa saa sita nzima. Sikupiga. Nilijua kijiwe kimesikia, nikaona yamekwisha.

— Mama anajua?

— Hajui. Leo jioni nitakwenda kwa dada yangu nimwambie mwenyewe. Na kaka yako.

Binti aliiweka pedi kwenye gazeti, uso chini, pamoja na zile tatu. Alichukua muda. Mtu angeweza kudhani anazihesabu.

— Mimi gari langu la kazi linatoka baridi, alisema hatimaye. Naitwa, nawasha, naondoka. Kona ya kwanza iko mita mia kutoka getini. Breki isiposhika hapo, wagonjwa wangu wanakuwa wawili. Nipe zinazoshika kutoka mwanzo.

— Za kati, alisema Fundi. Lakini hizo hazitadumu. Mbio tatu, nne, zimekwisha.

— Ziishe.

Orijino alimpa Fundi boksi la kati bila kusema ni orijino.

— Na hizo nazo zina masharti yake, alisema Fundi.

— Niambie.

— Nitakuambia tukiwa ndani ya gari. Leo saa kumi, barabara ya viwandani.

— Niambie sasa, mjomba. Halafu tena saa kumi.

Alisimama ili amwambie. Mara nane kutoka mwendo wa themanini, unakanyaga kwa nguvu mpaka thelathini, husimami. Kisha unatembea dakika kumi bila kugusa breki, zipoe. Ukisikia harufu usiogope, ni gundi inatoka. Ukisikia mguu unazama, unarudi kwangu. Jumamosi, kwenye mzunguko wa kujipanga, kanyaga kila kona hata kama huna haja.

Binti aliyarudia yote, kwa mpangilio, kama anavyorudia anwani kwenye redio ya kazini. Alipofika kwenye kutembea bila kugusa breki alisema dakika tano.

— Kumi, alisema Fundi.

— Kumi.

Watatu waliokuwa kwenye benchi walisikiliza bila kuongeza kitu. Tani Kumi alikuwa akichezesha midomo, akiyarudia naye kimyakimya.

Mjomba na mpwa waliingia gereji. Turubai lilisikika likivutwa. Kinyozi alinyoosha kikombe, Shangazi akainamisha birika, likatoa tone na machicha.

— Imekwisha, alisema.

— Koroga nyingine, Shangazi.

— Leo hapana.

Akaanza kuosha vikombe. Walibaki wamekaa, na zile pedi nne katikati yao, kando ya nafasi ya Fundi, na hakuna aliyezisogeza.