Chepkoech Wawili wa Bi. Moureen

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Moureen Bosire anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, kutoka Shirika la Zahanati za Milimani, Kericho. Aliingia mwaka 1992 akiwa mpiga chapa. Anatoka akiwa mkuu wa mifumo ya kompyuta, na dirisha lake tayari linagombewa na watu watatu.

Dirisha hilo linatazama mashamba ya majani chai. Asubuhi ukungu ukitambaa juu yake, Moureen huacha kazi akatazama tu, mpaka kikombe chake kinapoa. Wageni walidhani anasinzia. Sisi tulijua anafikiri, ingawa siku nyingine, tuseme ukweli, alikuwa anasinzia.

Mwaka 2012 aliandika programu ya kusajili watoto wa chanjo. Ili mtoto asiandikwe mara mbili, aliiwekea hifadhidata sheria: jina laweza kujirudia, tarehe ya kuzaliwa yaweza, kijiji chaweza, lakini vyote vitatu visikutane katika rekodi mbili. Kwao Kisii labda ingetosha. Huku kwa Wakipsigis, msichana anayezaliwa alfajiri huitwa Chepkoech, na alfajiri moja ya kijiji cha Chepseon yaweza kuleta wawili.

Surua ilikuwa imebisha hodi Chepseon siku Janefer, mama mmoja wa huko, alipomleta bintiye. Kompyuta ikamkataa: Chepkoech huyu yupo tayari. Karani wetu, Kipsang, akaiamini mashine, akadhani mtoto ameshachanjwa, akawarudisha nyumbani.

Kesho yake Moureen aliona rekodi iliyokataliwa, akashuku huyu ni Chepkoech mwingine. Hakugusa programu. Alichukua muuguzi na kisanduku cha chanjo, wakashika njia ya matope ndani ya ukungu mpaka kwa Janefer. Mtoto alikuwa mzima. Sindano ilipoingia alilia mpaka kuku wakatawanyika.

Ndipo akarudi kurekebisha sheria, akiongeza nambari ya kitambulisho cha mama. Kipsang, hana haya, akauliza habari ya mapacha. Ikaongezwa nafasi ya kuzaliwa, wa kwanza au wa pili. Tangu hapo Moureen hakuandika sheria yoyote kabla ya kuketi na akina mama kwenye benchi, naye alimsimulia kila mfanyakazi mpya kosa hilo akisema ni lake mwenyewe, si la Kipsang.

Wiki jana Janefer alimletea kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya huku kwetu, asimkute. Akaacha ujumbe: "Mwambieni yeye, mtoto yangu iko Gredi ya Nane saa hii."

Tulipomwambia, Moureen alilia mbele yetu sote.

Asante, dada yetu. Mashine ilisema mtoto yupo. Wewe ukaenda kumtafuta. Mungu akujalie afya, na asubuhi nyingi zisizo na haraka.