Boke Amerudi Kwao Manchira

Kijiwe chetu hapa Nyakunguru ni benchi moja mbele ya jiko langu la kahawa. Asubuhi hiyo, mimi Hilaria nikimimina, walikuwa wamekaa Mzee Nikodemo wa kanisani, tunayemwita Zaburi. Scholastica wa kikundi cha akina mama, ambaye tunamwita Haki Sawa. Na Yona Duara, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita. Katikati yao, kichwa chini, Mogesi mwenye banda la video. Mkewe Boke alikuwa na siku ya nne kwao Manchira, na kila mtu alisema ni kwa sababu ya picha za ngono ambazo Mogesi aliwaonyesha wachimbaji bandani.

— Ukitazama kwa tamaa umeshazini, akasema Zaburi. Wewe Mogesi umewakatia watu tiketi ya kuzini!

— Mzee, unamwona anayetazama tu, Haki Sawa akadakia. Na binti anayetazamwa? Nani kamuuliza kama alitaka? Wanaume wakitoka mle wanadhani sisi wote ni wa kuamrishwa.

— Naye ajisitiri.

— Ajisitiri vipi, na mwenye kamera kaziba mlango?

— Nyie wote mmepotea, akasema Yona. Dhahabu ina wivu. Tangu banda lifunguliwe, duara letu, shimo tunalochimba, linatoa mawe matupu. Hata nyati wa Serengeti wamebadili njia!

— Nyati nao wameangalia video? nikauliza.

— Wamesikia sauti.

Tukacheka, hata Mogesi.

— Jamani, nimeshapiga kufuli. Mbona harudi?

— Hujatubu kanisani.

— Hujaomba radhi kwa akina mama.

— Hujachinja mbuzi, akamalizia Yona.

Bodaboda ikasimama, akashuka Precious, mdogo wake Boke.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Wote watatu wakaanza kumweleza kwa mpigo kwa nini dada yake aliondoka. Akawasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

— Shemeji, nani kati yenu amempigia dada akamuuliza mwenyewe?

Zaburi akakohoa. Haki Sawa akaangalia viatu vyake. Yona akageukia upande wa mgodi kana kwamba ameitwa. Mimi nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

Mogesi akatoa simu, akapiga palepale.

— Boke, niambie wewe.

Akasikiliza. Sote tukamwinamia.

— Weka spika, Zaburi akanong'ona.

Haki Sawa akamchapa begani. Mogesi akainuka, akasogea mbali na sisi, simu sikioni.

— Hilo sikulijua, tukamsikia. Endelea, mke wangu.

Boke alirudi Jumapili. Alichomwambia, hadi leo hatujakijua.