Neville Stubbs na Uwanja Ambao Hakuwahi Kuuchezea

Baada ya kuitunza Bustani ya Harrow Bank hapa Sheffield kwa miaka thelathini na sita, Bwana Neville Stubbs alistaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Septemba. Sisi wenzake wa idara ya bustani bado tunajikuta tukimwekea kikombe chake cha chai mezani.

Alianza kazi akiwa na nywele nyingi na maneno machache. Nywele zilikwenda, maneno hayakuongezeka. Amepanda mawaridi, ameopoa mbwa bwawani, lakini roho yake ilikuwa kwenye uwanja wa tufe, ule mraba wa nyasi ambapo wazee wa klabu huviringisha tufe zao kila kiangazi. Ole wako uukanyage na viatu vya visigino! "Wewe mama, hapo si barabarani!" Hata mke wa meya yalimkuta.

Siku za mchezo alisimama kando ya ua, reki mkononi, akitazama mpaka tufe ya mwisho. Tulidhani anawachunga.

Kwenye chai ya kumuaga, Bi Doreen Hallam, mwenyekiti wa klabu, akamuuliza, "Neville, mwenzetu, mbona hukucheza hata siku moja?"

"Hakuna aliyenikaribisha."

"Jamani! Sisi tulidhani mchezo wenyewe huupendi. Tukaona haya kukusumbua."

"Na mimi nikaona haya kuomba."

Miaka yote hiyo, adabu tu! Doreen akanyakua tufe zake. "Inuka, twende sasa hivi."

Neville akatikisa kichwa. Alikuwa ameshautoboa uwanja matundu ili udongo upumue na kuumwagia mchanga, kama afanyavyo kila vuli, na ukishamwagiwa haukanyagwi hadi nyasi zichipue tena. Doreen akamkumbusha kwa upole kwamba halmashauri inaufunga moja kwa moja, hakuna msimu mwingine.

"Najua," akasema, macho dirishani. "Lakini siwezi kuukanyaga." Nilitamani kulia, na sioni aibu kuandika hivyo.

Neville, asante kwa kila jani ulilolitunza. Tunakuombea afya, magoti imara na asubuhi za kulala hadi uchoke. Aprili klabu inahamia uwanja wa Thornley. Nyasi za huko utazinung'unikia, tunakujua. Doreen amekuwekea nafasi, na safari hii tunasema wazi, mbele ya watu wote: karibu ucheze.