Santuri Iliyofukizwa Udi

Kijiweni kwa Deka muuza kahawa, nyuma ya Soko Ngamia mjini Garissa, benchi lina miguu mitatu na jiwe, na wenye benchi hawana haraka. Alasiri moja ya mwaka tisini na sita, Bare dereva alikaa pale na santuri mapajani, roho juu. Bosi wake, Injinia Musyimi wa visima vya Dadaab, alikuwa ameiagiza ng'ambo: jazi ya zamani ya saksafoni ya tenori, yenye utamu wa nyimbo za kanisani, iliyotolewa upya kwa plastiki nzito kwa ajili ya watu wenye masikio ya kuchagua. Jana Bare aliichukua posta, akalala nayo nyumbani. Arbia mkewe, kusikia ni kitu cha mkubwa wa mumewe, akaifukiza udi juu ya chetezo kama anavyofukiza nguo za mgeni. Kwa joto la makaa, asubuhi imepinda, imekuwa bakuli. Na Injinia yuko njiani kuichukua, aende nayo Nairobi.

— Hii ni amana, wallahi, Bare akasema. Nitamwambia nini Injinia? Na mke wangu simtaji. Alifanya kwa heshima.

Kerrow, anayeitwa Redio kwa kusema bila kupumua, akaigeuzageuza.

— Mimi sioni kesi hapa. Umeona saksafoni wewe?

— Kwa picha.

— Imenyooka?

— Imepinda.

— Haya. Chombo kipinde, santuri inyooke? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Nunow Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama mshtakiwa, akatikisa kichwa.

— Hiyo si sababu. Sauti nzito ni mchuzi. Ukiweka kwa sahani bapa inamwagika, ndio wazungu wakatia ukingo. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Na sindano itapita wapi? Deka akauliza, akimimina kahawa.

— Itapanda kama ngamia kwa kilima. Pole pole. Ndiyo jazi hiyo.

Redio, asiyekubali kushindwa, akaapa kwamba santuri bapa ni za maskini, na kwamba iliyopinda hulia pande zote mbili kwa mpigo. Bare akacheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alishaanza kuamini.

Landikruza ikasimama. Injinia akateremka, akasalimia, akaipokea santuri, akaikumbatia kifuani kabla hata hajaitazama. Alipoitazama, akaiinua usawa wa macho. Wakamweleza habari za mchuzi na ngamia, wakipokezana. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaokota jalada benchini.

— Na jalada lake, mbona limenyooka?

Redio akakohoa. Wakili akageukia mbuzi waliokuwa wakipita. Bare akaona aibu kuliko kuvuliwa nguo.

— Samahani, Injinia. Ni nyumbani kwangu. Kwetu, kitu cha mtu tunayemheshimu hufukizwa udi. Hatukujua hiki kinalainika.

— Nimeingoja mwaka mzima, Bare.

— Najua.

Injinia akakaa, uso wa mtu aliyefiwa. Akapewa kahawa, akanywa. Akainusa santuri.

— Mwambie mama watoto nimeiona heshima yake.

Bare akashusha pumzi. Injinia akanusa tena, safari hii shati lake mwenyewe.

— Udi huu hutoka?

— Hata ukifua, hautoki, Deka akajibu kwa fahari. Ni ule wa maharusi.

— Sasa mimi leo nalala kwangu Nairobi. Mke wangu akiunusa, nimwambie ni saksafoni?